Okei si Ruhusa

Okei ni neno la Kiingereza lisilohitaji tena mkalimani. Hukubali, huitikia, huuliza, humtuliza anayelalamika na hukata mazungumzo yaliyochosha. Mara nyingi halidhuru mtu. Tarehe 27 Machi 1977, katika uwanja wa ndege wa Los Rodeos kisiwani Tenerife, lilidhuru.

Siku hiyo bomu lilikuwa limelipuka katika uwanja wa kisiwa jirani cha Gran Canaria, na ndege nyingi zikaelekezwa Los Rodeos, uwanja wenye njia moja tu ya kurukia. Alasiri ukungu ukatanda. Boeing 747 mbili zilikuwa kwenye njia hiyohiyo: ya shirika la KLM imesimama tayari kuruka, ya Pan Am ikijikokota kutafuta mahali pa kuchepukia. Hazikuwa zikionana, na kwenye mnara wa kuongozea ndege hawakuiona hata moja.

Mwongoza ndege aliwasomea KLM mwelekeo wa kufuata wakishapaa. Hiyo haikuwa ruhusa ya kuruka. Rubani msaidizi akayarudia maelezo, akamalizia kwa Kiingereza cha mashaka kwamba sasa wapo "kwenye kuruka". Mnarani ikaeleweka kuwa wanangoja. Kumbe ndege imeshaanza kukimbia. "Okei," akajibu mwongoza ndege. Akanyamaza kidogo, ndipo akawaambia wasubiri, atawaita. Papo hapo Pan Am nao wakaingia redioni kusema bado wamo njiani. Sauti zikagongana, zikawa mlio mkali. Kilichowafikia KLM vizuri ni ile okei.

Injinia wa ndege akauliza: kwani yule Pan Am hajatoka? Nahodha, Jacob Veldhuyzen van Zanten, mkufunzi mwandamizi wa marubani katika shirika lake, akamjibu kwa mkazo kwamba ametoka. Injinia hakuuliza tena. Ndege zikagongana. Watu 583 walikufa. Katika KLM hakupona hata mmoja. Katika Pan Am walipona 61.

Neno peke yake halikuleta msiba huo. Ukungu ulikuwepo, na haraka pia. Hata hivyo kanuni za redioni zilibadilishwa. Neno la kuruka hutamkwa tu ruhusa ya kuruka inapotolewa au kufutwa, na rubani aliyepewa agizo muhimu hulirudia lenyewe. Okei haikubaliwi.

Kanuni hiyo inatufaa hata sisi tulio chini. Mgonjwa akijibu okei kwenye dirisha la dawa, mtoa dawa bado hajajua kama ameelewa vidonge viwili kutwa mara tatu au vitatu kutwa mara mbili. Amwambie ataje mwenyewe atakavyomeza. Fundi naye akikuitikia okei kwenye simu, mwulize: umekubali bei, au umenisikia tu? Kuuliza si ujinga. Na mkubwa akikujibu kwa mkazo ilhali shaka haijakutoka, mwulize mara ya pili.