Chombo Kisichobeba Kitu

Ufukweni Sindo, kwenye Ziwa Victoria, chombo hupimwa kwa kile kinachobeba. Sesse, yaani mtumbwi wa mbao wa uvuvi, inayorudi alfajiri baada ya kuvua omena kwa taa usiku kucha huulizwa maswali ya biashara tu: imeleta madebe mangapi, petroli imekula kiasi gani, mwenye nyavu atachukua nini na wavuvi watagawana nini. Hakuna anayeuliza mbao zake zilikutanishwa vipi, labda siku inapovuja. Mahali kama hapo, mtu anayemaliza umri wake akiunda vijahazi vya urefu wa mkono mmoja, vyenye mkuku, mataruma, foramali na usukani unaogeuka, ataonekana ama ana wazimu ama ana pesa za kuchezea. Wanaomtetea hutaja subira yake, uzuri wa kazi yake na heshima kwa wazee. Utetezi huo ni wa kweli, lakini unampunja, maana unamhesabu pamoja na wakusanyaji wa stempu. Ninachodai mimi ni kikubwa zaidi. Mwunda vijahazi anajua jambo ambalo mwenye sesse halijui, na ambalo pengine fundi aliyeiunda sesse hiyo hawezi kulieleza. Na amelijua kwa sababu chombo chake hakibebi kitu.

Tuuangalie mtepe. Kwa karne nyingi ulisafiri katika pwani yetu ya Afrika Mashariki bila msumari hata mmoja: mbao zilishonwa kwa kamba za usumba, tanga lilikuwa mkeka wa mraba, na omo ilinyooka mbele kama shingo ya ngamia. Miaka ya 1930 ndiyo ya mwisho kuuona baharini. Hakuna mtepe wa kale uliobaki mzima; tunaujua kwa maandishi ya wasafiri, picha chache, na mitepe midogo ya mfano iliyohifadhiwa katika makumbusho, ya Lamu yakiwa mojawapo. Mtepe mzima ulipoundwa upya Zanzibar mwaka 2003 na kuwekwa Beit al-Ajaib, ushahidi wa aina hiyo ndio uliokuwepo. Sasa, picha ya mtepe uliokamilika huonyesha mbao na mataruma pamoja, kana kwamba vyote vilizaliwa siku moja. Haisemi kipi kilitangulia. Lakini mtu aketi na keekee ndogo, sindano, uzi na vibao vyembamba, aanze kwa kusimamisha mataruma kama zilivyoundwa meli nyingi za mbao za Ulaya, halafu ashone. Hatafika mbali. Uzi unatakiwa kupita ndani na nje, tundu kwa tundu, na pale unapotakiwa kutokea ndani, taruma limeshakaa juu ya mshono. Sindano haipiti, kidole hakifiki. Itambidi abomoe, ashone mbao kwanza hadi chombo kipate umbo, ndipo ayaingize mataruma na kuyafunga. Hakuna aliyemwambia, mikono yake imekataliwa njia moja ikabaki nyingine.

Hapo ndipo ilipo hoja yangu. Kukijua kitu kilichoundwa na binadamu ni kujua mpangilio wa kuundwa kwake: nini lazima kitangulie, nini kinaweza kungoja, na ni kosa gani la hatua ya pili litakalojitokeza hatua ya tisa. Umbo lililokamilika huuficha mpangilio huo, na matumizi huuficha zaidi, kwa sababu anayetumia chombo anatazama mzigo. Ziwa letu limelipa gharama ya kusahau huko. Msafiri Stanley alipolizunguka mwaka 1875 alikuta Waganda wana mitumbwi mirefu ya mbao ambayo nayo ilikuwa imeshonwa, mamia ya maili kutoka baharini. Wasuba, kwa simulizi zao wenyewe, walivuka kwa mitumbwi kutoka upande huo hadi Mfangano, Rusinga na Gwassi. Sesse ya leo, inayoitwa kwa jina la visiwa vya Uganda, imepigiliwa misumari tangu omo hadi tezi. Silalamiki, msumari ni mwepesi kupatikana na hauozi kama kamba. Ila mshono ulipoacha kutumika, ujuzi wake ulikosa mahali pa kukaa, kwa kuwa ulikuwa umekaa ndani ya matumizi peke yake.

Pingamizi zito zaidi linatoka kwenye hisabati. Galileo alianza kitabu chake cha mwaka 1638 kwa mazungumzo juu ya karakana ya meli ya Venice, akaeleza kwa nini kikubwa hakiwi na nguvu ya kidogo hata vikiwa na umbo moja. Sesse ya mita 10 ikipunguzwa mara 25 inakuwa kijahazi cha sentimita 40. Ukubwa wa eneo la kamba au ubao uliokatwa unapungua mara 625, lakini uzito unapungua mara 15,625. Kwa hiyo kijahazi kina nguvu mara 25 kuliko kinavyostahili. Mshono wake hautajua kamwe dhoruba ni nini. Je, si uongo basi? Ungekuwa uongo kama kingedai kusema juu ya nguvu. Kuna mengine kinayoyasema kwa haki kabisa. Mizigo ikipangwa kwa uwiano uleule, kijahazi kwenye karai kitalala upande na kuinuka, au kupinduka, kwa pembe zilezile za chombo kikubwa. Hata mwendo una kanuni yake: William Froude, aliyejenga birika la majaribio huko Torquay, Uingereza, miaka ya 1870, alionyesha kwamba mawimbi ya kijahazi hufanana na ya meli pale kasi inapopunguzwa kwa kipeuo cha pili cha urefu, yaani kwa kijahazi chetu, mara tano. Anayejua wapi kielelezo chake kinasema kweli na wapi kinanyamaza, hajadanganywa.

Nakubali kwamba si kila kijahazi kinastahili sifa hii. Kuna vile vinavyouzwa ndani ya boksi, vipande vimekatwa tayari na kuandikwa namba. Huo si uundaji. Meli iliyoitwa William Mackinnon ilitengenezwa Scotland, ikafunguliwa vipande vipande, ikaletwa Kisumu na kuunganishwa huko hadi ikashushwa ziwani mwaka 1900, kabla reli haijafika. Ilikuwa kazi ya kutisha, lakini akili iliyoamua kipande kipi kitangulie ilibaki Scotland. Kufuata namba za mwingine ni utiifu, na utiifu haumwachii mtu ujuzi hata vipande vikiwa vya chuma na vikabebwa na maelfu ya mabega.

Inabaki lawama ya anasa: kwamba palipo na njaa, ujuzi usiolisha ni majivuno. Wanaosema hivyo hudhani kwamba ujuzi wenye faida hujitunza wenyewe. Mwenye sesse anataka chombo majini wiki ijayo. Fundi wake, kwa haki kabisa, harudii ila kile anachojua kitaelea, kwani kosa lake lina roho za watu ndani. Mei 1996 meli ya abiria ya MV Bukoba ilizama karibu na Mwanza na mamia wakafa. Ziwani si mahali pa kujaribia. Kijahazi ndicho chombo pekee kinachoweza kukosewa mara ishirini bila matanga. Kwa sababu hiyo mtu hahitaji mwaka mmoja wa kazi hii, anahitaji maisha: makosa yenyewe ndiyo yanayomfundisha, nayo hayaji yote pamoja.

Jambo moja halipunguzwi kwa kipimo chochote, nalo ni mti. Nyuzi za mvule hazisinyai mara 25 eti kwa kuwa ubao umefanywa mdogo. Na namna fundi anavyoligonga gogo, akasikiliza, akalikataa, haiwezi kuingia katika kibao cha unene wa kucha. Kwa hilo mwunda vijahazi hana budi kwenda kukaa na fundi wa sesse na kumuuliza, naye angalau atakuwa anajua la kuuliza.