Rupia za Mjerumani na michoro ya Kolo



Ndugu Waislamu, baada ya darasa la Maghrib hapa Majengo, Mpanda, alinifuata kijana mmoja mchimbaji mdogo wa dhahabu. Akaniambia ameitwa na mwenzake aliyeko Kolo, Wilaya ya Kondoa. Huko kuna mwamba wenye michoro ya kale, nao wanaamini kuwa ni alama zilizoachwa na Wajerumani kuonesha walipofukia rupia na dhahabu wakati wa vita. Alichotaka kwangu ni kisomo cha kuwafunga majini wanaolinda mali hiyo. Ujira wangu ungekuwa fungu katika mali, na mabati ya madrasa.

Sitaficha. Paa la madrasa yetu linavuja, na masika watoto hubanana upande mmoja. Nilimwomba anipe siku mbili. Leo namuomba Allah msamaha kwa siku mbili zile, maana jibu nilikuwa nalo.

Kwanza tuweke sawa habari yenyewe. Wajerumani waliondolewa Kondoa mwaka 1916. Michoro ile ni ya kale mno kuliko wao. Iliyo mikongwe ina umri unaopita miaka elfu mbili. Wawindaji wa kale walichora kwa rangi nyekundu watu warefu wembamba na wanyama wa porini, na michoro myeupe ikaja baadaye. Mwaka 2006 UNESCO iliiingiza katika Urithi wa Dunia, eneo la kilometa za mraba 2,336. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inailinda. Basi Mjerumani aweke vipi alama kwa mchoro aliyeukuta?

Lakini uvumi huo umeshachimbisha mashimo chini ya miamba. Wengine wanakata miti inayoikinga na jua na upepo. Barabara ya lami ya Dodoma hadi Babati, iliyozinduliwa 2018, imemsogeza karibu kila mgeni, mwema na mwenye sururu.

Siku ya pili nililileta jambo hili darasani bila kumtaja mtu. Mmoja akasema: "Ustadhi, si hiyo ni rikazi? Tutoe khumsi, kilichobaki halali." Nikamjibu kuwa ni kweli Mtume (saw) ameweka khumsi katika rikazi, lakini khumsi haisafishi dhulma. Hapana kudhuru wala kudhuriana katika Uislamu. Anayevunja mali ya umma akitafuta mali yake hana rikazi, ana deni. Na anayetaka msaada wa majini ameshaingia katika hatari kubwa kuliko umasikini.

Mwingine akasema bora ivunjwe kabisa, kwani watu wanakwenda kutambika Kolo, na Mtume (saw) alivunja masanamu ya Makka. Hoja hii ni nzito, na nia ya mwenye kuisema ni njema. Ila masanamu yale yalikuwa yakiabudiwa katika Nyumba ya Allah, na aliyeyavunja alikuwa na mamlaka. Mtume huyo huyo, alipokwenda Tabuk, alipita Al-Hijr, kwenye majumba yaliyochongwa majabalini na kaumu ya Thamud, walioangamizwa kwa kufuru yao. Hakuamuru yabomolewe. Aliwaamrisha Maswahaba wasiingie humo ila wakiwa wanalia, yasije yakawapata yaliyowapata wale. Majumba hayo yapo hadi leo. Na katika Surat al-Hajj, aya ya 46, Allah anawalaumu wasiotembea katika ardhi wakapata nyoyo za kuzingatia. Mtu atazingatia nini kama kila athari tumeisaga kuwa kokoto?

Tena, shirki haikai katika rangi ya mwamba, inakaa moyoni. Sisi wa Katavi tunalijua hilo: hatuna haja ya michoro, mkwaju wa Katabi unatosha watu kuupelekea sadaka. Ukivunja jiwe bila kufundisha tauhidi, tambiko litahamia mtini. Kazi yetu ni darasa, si nyundo.

Kijana nilimjibu kuwa simsomei, na nikamsihi asiende. Hakufurahi. Alisema atampata ustadhi mwingine. Huenda ni kweli, na hilo ndilo lililonifanya niandike. Walimu wenzangu, shimo lile halichimbwi kwa sururu peke yake. Linachimbwa pia kwa kisomo chetu, na kwa bahasha tunayopokea gizani. Tukikataa sisi, wengi wao watakosa ujasiri wa kuanza.

Paa letu bado linavuja. Ijumaa tutapitisha kapu msikitini. Bati moja la halali litawafunika watoto wetu vizuri zaidi kuliko rupia za Mjerumani ambazo hakuzifukia.