Mdoli wa Bibi



Leo naomba niseme jambo ambalo sikulipeleka kwenye kitubio kwa muda mrefu, maana sikujua kama ni dhambi au ni ujinga tu. Siku tuliyomaliza matanga ya bibi yangu, niligombana na binamu yangu kwa sababu ya mdoli. Watu wazima wawili, mmoja ana ndevu, tunavutana juu ya mdoli wa mpira mbele ya wazee ambao hata sufuria za msiba walikuwa hawajamaliza kuzirudisha kwa majirani.

Mdoli wenyewe una urefu wa kama dhiraa moja. Ni mvulana mwenye mashavu ya duara, kaptula na nywele za kuchorwa, na nyuma ya shingo ameandikwa M.I. Hummel. Bibi aliupata miaka ya sitini, alipokuwa akifua mashuka hospitalini Peramiho, misheni ambayo Wabenedikto wa Kijerumani waliianzisha mwaka 1898. Sista mmoja kutoka Bavaria ndiye aliyempa. Sisi wajukuu hatukuruhusiwa kuugusa. Ulikaa kwenye sanduku la bati, umefungwa khanga, na ulitoka mara moja tu kwa mwaka: usiku wa Noeli bibi aliuweka kwenye pango, katikati ya wachungaji, kando ya kondoo wa udongo. Halafu kuna hili: sisi tulisema "mdoli ule", lakini bibi alisema "yule". "Mleteni yule." Tulidhani ni Kiswahili cha kizee.

Huyo M.I. Hummel alikuwa mtawa. Alizaliwa Massing, Bavaria, mwaka 1909, akaitwa Berta. Alisoma sanaa mjini Munich, kisha mwaka 1931 akaingia kwa Masista Wafransisko wa Siessen, ambako alipata jina la Maria Innocentia. Alichora watoto wa vijijini: mmoja na mwavuli, mwingine na bukini, mwingine kiatu kimetoboka. Kiwanda cha Goebel kikaomba kutengeneza sanamu za kauri kutokana na michoro hiyo, na mwaka 1935 zikaanza kuuzwa. Wanazi hawakuipenda kazi yake, kwa sababu watoto wake hawakufanana na watoto hodari waliowataka wao kwenye mabango. Mwaka 1940 utawala ule uliichukua nyumba ya Siessen na kuwafukuza masista wengi. Yeye alibaki na wachache katika shida kubwa, na tarehe 6 Novemba 1946 akafa kwa kifua kikuu akiwa na miaka 37. Baada ya vita wanajeshi wa Kimarekani wakawa wanawapelekea wake na mama zao sanamu hizo, na zikageuka vitu vya kukusanya, vya kufungiwa kwenye kabati la kioo. Midoli nayo ikafuata. Mimi hilo la kabati hunichekesha kidogo: mtawa mwenye nadhiri ya ufukara, na watoto wake wenye viatu vilivyotoboka wanalindwa kwa kufuli.

Sasa turudi kwetu. Binamu yangu alikuwa ameshatafuta kwenye simu. "Hii ni antiki," akasema. "Wazungu wanakusanya hivi vitu. Tuuze, mdogo wangu alipe ada ya uuguzi." Nikaruka juu kama mtu aliyekanyaga siafu. Nikasema kumbukumbu ya bibi haiuzwi, nikasema damu, nikasema heshima. Shangazi akaniunga mkono huku anafuta machozi. Kiukweli nilijisikia vizuri sana.

Basi tukakaa kuangalia bei pamoja. Yaani, ilikuwa aibu. Waliokusanya vitu hivyo wamezeeka, wengi wamefariki, watoto wao wanauza kabati zima kwa mpigo, na bei imeshuka vibaya. Na mdoli wetu hauna boksi lake, mpira umekuwa mgumu na mguu mmoja umepasuka. Pesa ambayo ungepata isingetosha hata kuusafirisha, sembuse ada. Binamu yangu akacheka, akaweka simu mfukoni, akaenda kusaidia kubomoa turubai. Kwake yalikuwa yameisha.

Kwangu ndipo yalipoanzia. Nilipoona ile bei ndogo, mdoli mkononi mwangu ulipungua. Sijui nielezeeje. Dakika kumi nyuma nilikuwa tayari kuvunja undugu kwa ajili yake, na sasa nauona ni mpira uliopasuka. Kama nilikuwa nautetea kwa ajili ya bibi, bei ilihusika nini? Bibi hakuwa amepungua.

Usiku nikafanya hesabu nyingine. Katika miaka mitatu ya mwisho ya bibi, nilikwenda kumwona mara mbili. Nauli, kazi, mvua, sababu zilikuwepo. Huyu aliyetaka kuuza ndiye aliyembeba mgongoni hadi kwenye gari la hospitali, ndiye aliyembadilishia shuka. Hakuhitaji mdoli kuonyesha kwamba alimpenda. Mimi nilihitaji ushahidi, na ushahidi wenyewe niwe nao chumbani kwangu Dar, nipige picha, niweke maneno mazuri chini yake.

Mtu ataniambia: lakini Kanisa letu linatunza masalia ya watakatifu, iweje kutunza kitu cha bibi kiwe tatizo? Ni swali zuri na sipendi kulikwepa. Vitu vinabeba upendo, hilo nalikubali kabisa. Ila masalia hatuyatunzi ili tumsahau mtakatifu. Na Mtakatifu Yohane wa Msalaba alitoa mfano wa ndege aliyefungwa: uzi uwe mwembamba au mnene, asipoukata haruki. Mimi uzi wangu niliuita upendo, ndiyo maana sikuuona.

Asubuhi nilimuuliza mama kwa nini bibi alisema "yule". Alikuwa anachambua mchele, hakuinua kichwa. "Kabla yangu alizaa mtoto wa kiume. Alikaa wiki mbili. Sista alimletea yule baada ya kuzika." Akaendelea na mchele.

Kwa hiyo zaidi ya miaka hamsini, kila Noeli, bibi alimpeleka mwanawe pangoni. Ndiyo kazi aliyoupa mdoli ule, na sisi wawili tulikuwa tunagombania bei yake.

Sikuuchukua. Uko kule kule kijijini, na binti wa binamu yangu, mwenye miaka minne, anaubeba mgongoni kwa khanga ile ile. Shangazi hapendi. Mimi mwenyewe nilipoona mara ya kwanza moyo uliniruka, nikataka kumnyang'anya. Ada ya yule mwanafunzi wa uuguzi tunachanga wote. Mwezi uliopita nilichelewa, nikapigiwa simu, na nilistahili.

Tiketi ya basi la Songea nimeshakata, ya tarehe 22 Desemba. Mama anasema mguu uliopasuka sasa umechomoka kabisa, nije na gundi.