Sadaka ya Gari Lililokamatwa kwa Deni

Ndugu msomaji, je, mtu aweza kumtolea Mwenyezi Mungu kitu ambacho mkono wa mwingine umekwisha kukishika kwa haki? Swali hili laonekana jepesi, lakini watu wema wengi hujikwaa hapo, na mara nyingi hujikwaa kwa sababu ya wema wao.

Tuseme mtu wa Sikonge, mkulima wa tumbaku na mrina asali, amenunua pikapu kwa mkopo ili apeleke mizigo Tabora, mwendo wa kilomita 70 hivi. (Tumbaku yenyewe ina maneno yake, tuyaache leo.) Mvua ikawa mbaya, mapato yakapungua, marejesho ya miezi mitatu yakampita. Mkopeshaji, ambaye kadi ya gari imo kabatini mwake, akatuma watu nao wakalichukua. Usiku ule mtu wetu akawaza: "Kuliko lipigwe mnada, mimi nalitoa sadaka kwa mayatima. Mbele ya Mungu limekwisha kuwa lao, na huyo aliyelishika atajibu mwenyewe." Kesho yake akatangaza msikitini, na waliohudhuria wakamwombea dua.

Usimcheke mtu huyu. Kurani Tukufu (3:93) imeufunga wema wa kweli pamoja na kutoa vile tuvipendavyo, naye gari lake alilipenda. Lakini tazama saa aliyolitoa. Lilipokuwa mlangoni kwake alilihitaji, wala halikuwa sadaka. Lilipata kuwa sadaka lilipokwisha kumtoka. Basi alichokitoa hasa ni hasara ya mdai wake, akaandika thawabu kwa jina lake mwenyewe.

Njia hii ya Tabora yalijua jambo hili tangu zamani. Katika karne ya 19 wafanyabiashara wa misafara walipokea bidhaa Unguja kwa mali kauli, yaani kwa neno na ahadi ya kulipa watakaporudi na pembe. Hata Hamed bin Muhammad el Murjebi, aitwaye Tippu Tip, alifanya safari zake kwa mali ya wakopeshaji, na Taria Topan alikuwa mkubwa wao. Misafara ile ilichafuliwa na biashara ya watumwa, dhuluma iliyo kubwa kuliko deni lolote, wala siisifu. Nasema juu ya hesabu yake tu. Mtu aliyeingia Unyanyembe na mizigo mia ya merikani huenda hakuwa na hata kumi iliyo yake. Kama angewagawia maskini nguo zile, maskini wangevaa, lakini mtoa sadaka angekuwa nani? Bila shaka ni yule aliyekaa Unguja akingoja, naye hakuulizwa.

Lazima tupambanue mikataba, maana yote si namna moja. Vijana wengi wa bodaboda hupewa pikipiki kwa mkataba: hupeleka hesabu kwa mwenye chombo kila siku au kila wiki, na chombo huwa chao muda ukitimia. Kabla ya siku ile kijana hana pikipiki ya kutoa, ana ahadi. Namna nyingine ni rehani. Hapo gari ni lako, ila haki ya mdai imelikalia, nawe huwezi kulipa mtu mwingine bila ridhaa yake mpaka deni liishe. Rehani si aibu. Mtukufu Mtume Muhammad s.a.w. alipofariki, deraya yake ilikuwa rehani kwa Myahudi mmoja kwa pishi thelathini za shayiri. Mkarimu kuliko watu wote hakuigawa deraya ile. Hata huko Marekani, ambako kutoa gari kuukuu kwa mashirika ya hisani ni desturi, shirika huuliza kwanza hati ya umiliki. Jina la mkopeshaji likiwamo, gari halipokelewi hadi deni lifutwe.

Labda utasema: "Mkopeshaji huyo anakula riba. Je, nimhurumie?" Hili ndilo neno zito katika jambo hili, wala silipuuzi. Mikopo ambayo watu wetu wameipa jina la kausha damu imewaliza wengi, na sheria ya huduma ndogo za fedha ya mwaka 2018 ilitungwa baada ya biashara hiyo kukaa muda mrefu bila usimamizi wa kutosha. Riba ni haramu. Lakini Kurani Tukufu (2:280) inapoikataza yamwachia mkopeshaji anayetubu rasilimali yake, ili asidhulumu wala asidhulumiwe. Basi ubaya wa riba haufuti fedha uliyopokea mkononi na kununulia gari. Bishana juu ya ziada, nenda hata mahakamani. Rasilimali ni ya mwenyewe.

Wala usidhani kwamba deni lisilolipwa humezwa na tajiri peke yake. Wakulima wa Sikonge wanajua. Chama cha msingi kinapokopa pembejeo kwa dhamana ya wote, kisha mmoja akatorosha tumbaku yake na kuiuza kando, makato huangukia mauzo ya jirani aliyepeleka kila kilo yake. Je, aliyetorosha akitoa fungu la fedha ile kujengea kisima, jirani yule anywe maji yale kwa moyo gani?

Imamu Bukhari, katika mlango wa sadaka wa Sahihi yake, ameeleza wazi kwamba kwa mwenye deni, kulilipa kuna haki zaidi kuliko sadaka, kuliko hiba, na hata kuliko kumwacha huru mtumwa. Na kwamba sadaka kama hiyo hurudishwa. Ililetwa jeneza mbele ya Mtume s.a.w., akauliza kama maiti ana deni. Akaambiwa ana dinari tatu na hakuacha kitu. Akawaambia masahaba wamsalie wenyewe. Ndipo Abu Qatada r.a. akalichukua deni lile juu yake, naye Mtume s.a.w. akasali. Ona kwamba hakuuliza maiti yule alitoa sadaka ngapi.

Basi, mtu wetu afanye nini? Kwanza alirudishe neno lake pale pale msikitini alipolitangaza, ili mayatima wasingoje gari lisilokuja. Kisha aende kwa mkopeshaji akadai hesabu iliyoandikwa, kwa maana Kurani (2:283) imeamuru deni liandikwe kwa haki. Gari likiuzwa na kuzidi deni, ile ziada ni yake. Akimpa yatima elfu kumi ya ziada hiyo, ametoa zaidi kuliko alivyotoa pikapu nzima. Kama hakuna ziada na bado amezama, ajue kwamba wenye madeni wametajwa miongoni mwa wanaostahili zaka (9:60). Huenda mwaka huu ni zamu yake kupokea. Hilo humchoma mtu mwenye heshima zake kuliko kunyang'anywa gari, na nadhani ndiyo sababu wengine hukimbilia kutangaza sadaka kubwa.

Lakini katika habari hii yumo mtu mmoja anayeweza kweli kulitoa gari lile sadaka, naye ni yule aliyelishika. Kurani (2:281) yamtaka ampe nafasi mdaiwa aliye katika dhiki, na yasema kwamba kumsamehe ni sadaka iliyo bora. Haki ni yake, kwa hiyo aweza kuiacha. Wakopeshaji Waislamu wapo, Tabora na kwingineko, nao husoma kurasa hizi.

Kaabu bin Malik r.a. alimdai mtu deni ndani ya msikiti wa Madina, sauti zao zikapanda mpaka Mtume s.a.w. akazisikia nyumbani mwake. Akatoka, akafunua pazia, akamwita Kaabu, akamwashiria kwa mkono aondoe nusu. Kaabu akasema ameiondoa. Ndipo akamgeukia yule mdaiwa, akamwambia ainuke akalipe iliyobaki.