Hukumu ya Mjusi Kafiri

Usiku mmoja kisiwani Funzi, baada ya sala ya isha, nilipokuwa nimeketi barazani kwa mwenyeji wangu na maji yamekwisha kujaa hata kuizamisha mizizi ya mikoko iliyoelekea Bodo, mjukuu wake, mtoto wa miaka kama minane, alirusha ndara ukutani karibu na kandili, akamkosa mjusi lakini akampata mkia. Na mkia ule ukaanguka mkekani ukifurukuta kama dagaa aliyeponyoka wavuni, ilhali mwenyewe amekwisha kukimbilia kwenye boriti. Mtoto akautazama kwa muda, kisha akauliza: “Babu, na mkia nao ni kafiri?” Mwenyeji wangu, ambaye amesomesha chuo tangu ujana wake, alicheka hata akajipangusa macho kwa ncha ya kikoi, wala hakujibu.

Asili ya jina hilo haifichiki pwani. Nabii Ibrahimu alipotupwa motoni, mjusi huyu ndiye aliyeuvuvia. Habari hiyo imo katika Sahihi ya Bukhari kwa riwaya ya Bibi Ummu Sharik, pamoja na amri ya kumwua. Na katika Sahihi ya Muslim imo ahadi ya mema mia kwa amwuaye kwa pigo la kwanza, yakipungua kwa pigo la pili na la tatu. Sina elimu ya kushindana na riwaya, wala sitamani. Lakini katika vitabu hivyo hivyo Bibi Aisha asimulia kwamba Mtume alimwita mjusi fuwaysiq, yaani fasiki mdogo, na kwamba yeye hakumsikia akiamuru auawe. Fasiki, si kafiri! Tofauti hii hata mtoto wa chuo aijua: fasiki ni Mwislamu mwenye maasi, tunamsalia na kumzika, kafiri yuko nje ya mlango. Fauka ya hayo, Imamu Nawawi na wenziwe wameeleza kwamba asili ya neno lenyewe ni kutoka, na kwamba wanyama walioitwa hivyo wametoka katika ada ya wanyama wengine kwa madhara yao, si kwa itikadi. Basi ukafiri umetoka wapi? Nadhani umetoka katika vinywa vyetu, bila kadhi wala shahidi, kwa vinywa vile vile vilivyomtunukia mjusi mwingine, yule wa mchana mwenye ngozi laini ya kung'aa, jina la mjusi islamu, naye hajaonekana msikitini ila kwa kupita.

Tuseme kosa lilikuwa kosa. Surat al-An'am yatufundisha kwamba hakuna nafsi ibebayo mzigo wa nyingine, na sura hiyo hiyo yasema kwamba wanyama ni umma mfano wetu. Na taklifu, kama walivyokubaliana wanavyuoni, haimwangukii asiye na akili. Huyu wa ukutani, mama yake alitaga mayai mawili, meupe, yenye ganda gumu, akayapachika katika ufa wa ukuta, akaenda zake asirudi. Kitoto kilipoanguliwa hakikumwona mzazi. Nani, basi, aliyekifunza uadui wa moto ule? Najua pia, na sitaki kulificha, kwamba imepokewa hadithi ya kondoo asiye na pembe atakayelipiziwa kisasi kwa mwenye pembe Siku ya Kiyama. Kwa hiyo hesabu ya wanyama ipo, na mimi siuoni mpaka wake.

Niliyoyaona ni machache. Ana macho yasiyo na kope, akiyasafisha kwa ulimi. Vidole vyake vina nywele zisizohesabika, nyembamba kuliko upeo wa jicho, zishikazo ukuta si kwa gundi wala kwa kunyonya, bali kwa mvuto hafifu uliopo baina ya chembe na chembe, jambo ambalo wataalamu wa Marekani walilipatia ushahidi mwaka 2002, karne nyingi baada ya mjusi kulitumia. Na mkia ule hakukatwa, aliuachia mwenyewe. Ataotesha mwingine, nao hautakuwa na pingili za mifupa bali gegedu tupu. Ikiwa hatia inakaa mkiani, basi mjusi huyu amekwisha kuilipa, na mkia ujao utazaliwa bila kesi.

Haikupita saa, mjusi akarejea mwangani na kishina chake, akakaa mkabala wa nondo aliyetua juu ya chokaa. Mtoto akaiokota ndara, akamgeukia babu yake. Babu akanyoosha mkono, akaupandisha utambi kidogo; wadudu wakazidi.