Matabishi na Heshima ya Mfanyakazi

Wako watu watokao Idjwi kwa mashua, au Walungu kwa gari, wakalala katika nyumba ya wageni mjini Bukavu. Asubuhi huacha shuka zimevurugika na sakafu ina matope, kisha huenda zao sokoni Kadutu. Nyuma yao huingia mama mwenye ndoo na ufagio. Je, yafaa kumpa matabishi?

Kwanza, matabishi si mshahara. Mshahara ni deni la mwenye hoteli. Kanisa huhesabu kumnyima mfanyakazi ujira wake kuwa dhambi imliliayo Mungu, na Papa Leo XIII alilikumbusha jambo hilo mwaka 1891 katika barua yake Rerum Novarum. Basi tajiri asiseme, "Wageni watamlipa." Zawadi ya mgeni haifuti deni lake.

Pili, matabishi ni zawadi ya shukrani. Maskini asiyeweza kutoa hatendi dhambi. Lakini aliyenunua bia mbili jioni asiseme kwamba hana kitu.

Tatu, itazamwe namna ya kutoa. Ruthu, mjane na mgeni, alipookota masazo shambani, Boazi aliwaagiza wavunaji wamwachie masuke kwa makusudi, wala wasimkemee. Alimsaidia bila kumwaibisha. Vivyo hivyo mgeni asifiche noti chini ya mto, kwa maana mama akiichukua aweza kuitwa mwizi. Ampe mkononi, mchana, kwa neno la asante. Ama aiweke mezani pamoja na karatasi iandikwayo kwamba ni yake. Akikaa siku nyingi, atoe kila siku, kwa kuwa afagiaye leo huenda siye wa kesho. Tena mwanamume asitoe kwa tamaa: fedha inayotaka kununua usafi wa binti si zawadi, ni mtego.

Nne, matabishi yanayodaiwa na mwenye cheo ili atimize wajibu wake ni rushwa, hata yakiitwa kwa jina lile lile.

Asiye na faranga akunje shuka, afute matope, amsalimu mama kwa heshima. Usiku ule wa karamu ya mwisho Bwana Yezu mwenyewe alishika maji na kitambaa, akawaosha mitume miguu. Amdharauye mwenye ndoo amesahau kazi ya Bwana wake.

Maswali: Mshahara na matabishi hutofautianaje? Boazi alimtendeaje Ruthu?