Ulevi Hauhalaliki kwa Ukongwe

Bismillahir Rahmanir Rahim.

Himdi zote zamstahiki Mwenyiezi Mungu, aliyemtukuza mwanadamu kwa akili na akamuamrisha kuilinda. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad, na aali zake, na sahaba zake. Ama baad:

Enyi ndugu zangu Waislamu! Tumezoea kusikia mawaidha juu ya tembo la mnazi na gongo, nasi huyasikiliza kwa kutikisa vichwa, kwani kila mmoja wetu adhani kwamba wasemwao ni wengine: yule aliyelala mtaroni, na yule aliyeuza kitanda cha mkewe. Leo twataka kusema juu ya ulevi usiolala mtaroni. Ni ulevi utiwao katika bilauri nyembamba, ukasifiwa na wenye elimu na mali. Vijana wetu wafanyao kazi katika mahoteli na marikebu, na wafanyao biashara na wageni, na waliohamia Marekani, hukaribishwa katika majlisi zake wakaambiwa: "Hatukwambii ulewe. Onja tone moja tu, kwani hutalipata tena maishani mwako."

Neno hilo ndilo tutakalo kulijibu.

Kwanza na tukijue kitu chenyewe, kwani mwenye kukataza jambo asilolijua hasikizwi. Katika jimbo la Kentucky, huko Marekani, hutengenezwa wiski iitwayo burboni. Kanuni ya serikali yao yataka nafaka yake iwe mahindi kwa sehemu 51 katika 100 au zaidi. Huchachwa, ikakenekwa, kisha ikatiwa katika pipa jipya la mti wa mwaloni lililochomwa ndani kwa moto. Mle hukaa miaka, na rangi yake, pamoja na harufu ya vanila na ya sukari iliyoungua, hutoka katika mti ule. Mwaka 1964 Kongresi yao ikatangaza kuwa ni kitu kihusucho nchi yao mahsusi. Nyingi yake huuzwa baada ya miaka michache. Lakini iko iwekwayo miaka 15, na 20, na hata 23, na iliyo mashuhuri mno katika hizo ni ile iitwayo Pappy Van Winkle.

Pipa huchukua lita 200 hivi, na kila mwaka hupungua kwa mvuke upenyao mbaoni, hata ikifika miaka 23 huenda isibaki nusu yake. Sehemu hiyo ipoteayo wenyewe huiita fungu la malaika. Subhana'Llah! Malaika hawali wala hawanywi, nao wametakasika na hayo. Basi kwa uchache wake na kwa sifa zake, watu huigombea. Mwenye kuitengeneza huitajia bei ya mamia ya dola, na sokoni ikauzwa kwa maelfu. Yako majimbo ambayo watu huandikisha majina yao, ikapigwa kura ya nani aruhusiwe kununua chupa moja.

Sasa na tuzitazame hoja za mwenye kumkaribisha nduguyo.

Asema: "Ni tone tu." Mtume wetu (S.A.W.) ametufundisha kwamba kitu ambacho kingi chake chalevya, kichache chake nacho ni haramu. Hukumu haikufungwa na kulewa kwako wewe. Imefungwa na kitu chenyewe. Na akisema, "Zungusha kinywani kisha uteme, kama wafanyavyo waonjaji wa kazi," mwambie kwamba katika madhehebu yetu ya Imamu Shafi ulevi ni najisi, na kinywa kilichotiwa najisi hakifai kwa sala mpaka kioshwe. Ni kinywa hichohicho ukisomeacho Alhamdu.

Asema: "Kilichoharimishwa ni mvinyo wa zabibu, na hii ni mahindi." Sayyidna Umar (R.A.) alibainisha juu ya mimbari kwamba khamri ni kila kifunikacho akili, na ulevi mwingi wa Madina siku ile ulikuwa wa tende. Ile ya miaka 23 ina kileo sehemu 47.8 katika 100, yaani karibu nusu ya chupa. Ikiwa hicho hakifuniki akili, basi ni kipi kiifunikacho?

Asema: "Imekaa miaka mingi, imetakasika." La! Wanavyuoni wetu wasema khamri hutoharika ikigeuka yenyewe kuwa siki bila ya kutiwa kitu, kwani hapo kilevyacho kimeondoka. Burboni haigeuki siki pipani. Miaka huizidishia rangi na harufu na bei, na kilevyacho kingali mumo. Ukongwe si toba. Jambazi akizeeka hawi walii kwa mvi zake.

Asema: "Hiki si kinywaji cha walevi, ni cha waungwana." Basi na tuutazame uungwana wenyewe. Mwaka 2013 huko Frankfort, katika Kentucky, ilionekana kwamba chupa karibu 200 za ile ya miaka 20 zimetoweka kiwandani. Na mwaka 2015, waliposhitakiwa watu, miongoni mwao walikuwamo wafanyakazi wa ndani. Mwaka 2023, katika jimbo la Oregon, ilifichuka kwamba wakubwa wa idara isimamiayo ulevi walikuwa wakijitengea chupa za namna hii. Thamani yake walilipa, lakini walitumia cheo kujitanguliza mbele ya watu waliowaamini. Tena wako wanunuao chupa tupu wakazijaza wiski ya bei ndogo na kuziuza kama za asili. Wazee wetu walikwisha sema: mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Mwenyiezi Mungu ametubainishia katika Suratul Maida kwamba shetani ataka kutia uadui na bughudha baina yetu kwa ulevi na kamari. Hawa wamefika kwenye hiana kabla hawajaifungua chupa. Na matabibu nao, kwa ulimi wa Shirika la Afya Duniani mwezi wa Januari 2023, wamesema kwamba hapana kiasi cha ulevi kisicho na madhara kwa afya.

Asema mwisho: "Ukikataa umemvunjia mwenyeji heshima." Hii ndiyo hoja iwaangushayo vijana wengi, kwani sisi watu wa pwani tumelelewa kumstahi mgeni na mwenyeji. Lakini kukataa kwaweza kuwa kwa adabu. Sema: "Ahsanta bwana, dini yangu hainiruhusu, nipe kahawa." Mwungwana wa kweli hatakasirika, na mwenye kukasirika kwa hilo si mwenyeji wa kumhuzunikia.

Liko jambo zito zaidi, nalo halipasi kufichwa. Katika hadithi, laana haikumshukia mnywaji peke yake. Imemgusa na mwenye kuumimina, na kuuchukua, na kuuuza. Na vijana wetu wangapi riziki yao ni kusimama nyuma ya meza ya ulevi, na nyumbani wana wazee na watoto wawangojeao? Kijana aliye katika hali hiyo na aombe ahamishiwe kazi nyingine humohumo, jikoni au vyumbani, na azidi kutafuta iliyo safi. Nanyi wenye maduka, na majahazi, na mashamba, msimkemee bali mwiteni mumpe kazi. Kumwambia mtu toka, ilhali hukumfungulia mlango, ni nusu ya nasaha.

Wala tusijifanye bora kuliko aliyeteleza. Aliletwa mtu mbele ya Mtume (S.A.W.) mara nyingi kwa kosa la ulevi, akaadhibiwa, na mmoja alipomlaani, Mtume akamkataza, akasema kwamba mtu yule ampenda Mwenyiezi Mungu na Mtume wake. Tuuchukie ulevi, tumshike mkono mlevi.

Na mwenye kuona uzito wa kukiacha kitu adimu, na amkumbuke Anas bin Malik (R.A.). Alikuwa akiwamiminia wageni nyumbani kwa Abu Talha, na mpiga mbiu akapita akinadi kwamba ulevi umeharimishwa. Abu Talha akamwambia autoe akaumwage. Ukatiririka katika vichochoro vya Madina. Hawakungoja kuumaliza uliobaki, wala hawakuuliza ni wa miaka mingapi.

Ewe Mola, tulindie akili zetu na vinywa vyetu, uwape vijana wetu riziki ya halali iwatoshayo, na uwarudishe waliopotea kwa upole wako. Amin.

Wa billahi tawfiq.